Breki ya Mkono na Bili ya Gereji Mjini Johannesburg



Jiji la Johannesburg limejengwa juu ya miinuko ya Witwatersrand, kiasi cha mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Katika vitongoji kama Northcliff na Observatory, magari huegeshwa kwenye miteremko mikali, na usalama wa wapita njia hutegemea breki ya mkono. Hata mtahiniwa wa leseni ya udereva, katika mtihani uitwao K53, hutakiwa kuliondoa gari mlimani bila kuliachia lirudi nyuma. Likirudi, amefeli.

Katika magari mengi, dereva anapovuta wenzo, waya wa chuma hukaza breki za magurudumu ya nyuma. Miaka ikipita, waya hulegea, hushika kutu, au nyuzi zake hukatika moja baada ya nyingine. Dalili ya mwanzo ni wenzo kupanda juu kuliko ilivyo kawaida.

Gharama hufuata ugonjwa. Waya uliolegea hukazwa tu, na mteja hulipia muda wa fundi. Uliokatika hubadilishwa. Iwapo viatu vya breki vimelika au vimelowa mafuta, bili hupanda tena. Breki za kitufe, zinazoendeshwa kwa mota ya umeme, aghalabu huwa ghali zaidi, maana nyingi huhitaji kompyuta ili zifunguliwe. Juu ya yote huja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 15: kazi ya randi 1,000 hulipiwa randi 1,150.

Kwa mhamiaji wa Yeoville mwenye gari kuukuu na kipato cha kubahatisha, hiyo ni fedha ya pango au ya ada ya mtoto. Ndiyo maana wengi huahirisha matengenezo, au humwachia fundi funguo bila kuuliza bei.

Hata hivyo, Sheria ya Kumlinda Mlaji ya Afrika Kusini ya mwaka 2008, iliyoanza kutumika kikamilifu mwaka 2011, inampa mteja silaha. Gereji inapaswa kumpa makadirio ya bei kabla ya kazi, na haiwezi kutoza zaidi bila idhini yake. Vipuri vilivyotolewa ni vyake, naye ana haki ya kurudishiwa. Kipuri kipya kilichofungwa, pamoja na kazi ya kukifunga, hudhaminiwa kwa miezi 3. Aidha, tangu tarehe 1 Julai 2021, miongozo ya Tume ya Ushindani inamruhusu mwenye gari lililo chini ya dhamana kulipeleka kwenye gereji huru anayoichagua.

Basi mteja aombe makadirio kwa maandishi, vipuri na kazi vikitajwa mbali mbali, kisha alinganishe gereji mbili au tatu.

Wakati fedha inatafutwa, gari liegeshwe mahali tambarare, gia ikiwa imeingizwa na jiwe likiwa nyuma ya tairi. Lakini hilo ni la siku chache tu. Gari linaloserereka lenyewe mlimani halichagui litakachogonga, na fidia ya ukuta wa jirani, sembuse ya uhai wa mtoto, haifanani na bei ya waya.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.