Dinari Mbili za Msamaria: Haki ya Mwendesha Pikipiki Aliyejeruhiwa

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa halmashauri za walei na wa jumuiya ndogondogo



Nimeombwa niseme nanyi juu ya vijana wetu wanaobeba abiria kwa pikipiki, wale tunaowaita bodaboda, na ambao wengine huku kwetu wamezoea kuwaita yeboyebo. Sitasema sana juu ya mwendo wa kasi, maana juu ya hilo askari wa usalama barabarani wamekwisha kutuonya mara nyingi. Nataka tuyatazame yale yanayompata kijana baada ya kuanguka. Ni nani anayesimama upande wake wakati watu wamekwisha kutawanyika, mguu umefungwa plasta, na mwenye pikipiki anauliza hesabu yake?

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita kijana wa kigango kimojawapo aligongwa na lori katika barabara inayoshuka kutoka Mbinga kwenda ziwani. Mfupa wa paja ulivunjika mahali pawili. Siku ya tano walinijia baba yake mdogo na mtu aliyetumwa na mwenye lori, wakiwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Karatasi ilisema kwamba familia imepokea shilingi laki tatu, na kwamba haitakuwa na madai mengine. Wakaniomba niweke sahihi kama shahidi. Mimi nilifurahi kuona watu wamepatana bila ugomvi. Nikaweka sahihi, nikawapa baraka, wakaondoka.

Fedha zile hazikufika mwisho wa mwezi wa pili. Familia ikauza kahawa kwa magoma, ikiwa bado mtini, ili kulipia matibabu. Mfupa ukaungana vibaya. Baada ya miaka minne kijana alikuja kwangu akichechemea, akaniuliza kama sheria haina la kumsaidia. Tulipomfikia wakili, alituuliza swali moja tu: ajali ilitokea lini? Tulipomjibu, alifunga daftari lake. Muda wa kufungua madai ulikuwa umepita.

Sikukusudia kumdhulumu kijana yule. Hata hivyo, sahihi yangu ilikuwa juu ya karatasi iliyomfunga mdomo. Ndiyo sababu nasema nanyi leo, wala si kwa sababu mimi ni mwanasheria.

Kesho yake Msamaria

Katika Injili ya Luka, sura ya 10, twasoma habari za mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Sisi mapadre huhubiri sana juu ya mafuta na divai. Lakini mwinjili anasimulia pia mambo ya kesho yake. Msamaria alitoa dinari mbili, akampa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kulipa gharama zitakazozidi hapo atakaporudi. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, dinari moja ni ujira wa kibarua kwa siku. Basi Msamaria alitoa ujira wa siku mbili, tena akajifunga kwa neno lake kwamba atarudi. Alijua kwamba jeraha haliponi siku lilipofungwa.

Sisi tu hodari wa siku ya kwanza. Ajali ikitokea Kigonsera au Liuli, watu humiminika. Watambeba majeruhi, watachanga nauli, watamfikisha Litembo au Peramiho. Jumuiya itasali rozari. Tunapopungukiwa ni kesho yake, zinapohitajika karatasi, safari za kituo cha polisi, na mtu wa kuuliza maswali kwa niaba ya mgonjwa.

Kazi hiyo nayo ni kazi ya Kanisa. Papa Paulo VI aliunda Tume ya Kipapa ya Haki na Amani mwaka 1967. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu wa mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi yatokana kwanza na yule anayeifanya. Naye Papa Fransisko, katika waraka wake juu ya udugu wa mwaka 2020, alitoa sura nzima kwa ajili ya mfano huuhuu wa Msamaria. Kijana anayebeba gunia la mahindi na mama mjamzito usiku, mahali ambapo hakuna gari, ni mfanyakazi mwenye heshima yake.

Mambo matatu tusiyoyajua vizuri

La kwanza ni faini. Dereva aliyemgonga kijana wetu akishtakiwa kwa Sheria ya Usalama Barabarani, akakiri kosa na kulipa faini, watu husema kesi imekwisha. La hasha! Faini huingia Serikalini, haimfikii aliyevunjika mguu. Fidia ni madai mengine, ambayo majeruhi mwenyewe hana budi kuyafungua. Hukumu ya kesi ya trafiki yaweza kumsaidia kama ushahidi, lakini haidai fidia kwa niaba yake. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inampa mtu aliyedhuriwa kwa uzembe wa mwingine muda wa miaka mitatu kufungua madai hayo mahakamani. Miaka mitatu huonekana mingi kwa mtu mzima wa afya. Kwa mtu aliyelala kitandani akingoja mfupa uunge, hupita upesi.

La pili ni bima. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inalazimisha kila chombo cha moto kinachotembea barabarani kiwe na bima, angalau ile ya kuwalinda watu wengine. Kwa hiyo, lori linapomgonga mwendesha pikipiki kwa uzembe wa dereva wa lori, bima ya lori ndiyo inayohusika, na kijana ana haki ya kuidai. Ni vivyo hivyo kwa basi, kwa gari dogo, na kwa malori ya makaa ya mawe yatokayo Ngaka. Aidha, abiria aliyeumia kwa kosa la mwendesha pikipiki ana haki ya kudai fidia, na bima ya pikipiki iliyokatwa kwa ajili ya biashara ya kubeba abiria ndiyo ya kumlinda. Pikipiki iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi, kisha ikabeba abiria kwa nauli, yaweza kumletea mwenyewe kukataliwa.

Lakini tusidanganyane. Kijana akianguka mwenyewe kwa kosa lake, bima hiyo ya watu wengine haimlipi yeye kitu. Anayetaka kinga ya namna hiyo hana budi kukata bima kubwa au bima ya ajali binafsi. Na mahakama hupima makosa ya pande zote mbili. Aliyeumia kichwa akiwa hana kofia ngumu, au aliyechangia ajali kwa mwendo wake mwenyewe, fidia yake yaweza kupunguzwa.

La tatu ni umaskini. Watu husema, asiye na fedha hana wakili. Tangu ilipotungwa Sheria ya Msaada wa Kisheria, Na. 1 ya mwaka 2017, mtu asiye na uwezo anaweza kuomba msaada bila malipo kwa watoa huduma waliosajiliwa. Sheria hiyo inawatambua pia wasaidizi wa kisheria, ambao si mawakili lakini wamefundishwa. Hao hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani, wala kumtoza malipo. Wanaweza kumweleza haki yake, kumsaidia kuandaa karatasi, na kumwelekeza kwa wakili. Ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya halmashauri, Mbinga au Nyasa, ni mahali pazuri pa kuanza kuwaulizia.

Nataja na jambo moja kwa taasisi zetu wenyewe. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliweka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Kijana anayepeleka hesabu ya kila siku kwa mwenye pikipiki ni vigumu kuhesabiwa kama mwajiriwa. Lakini mtumishi wa shule, zahanati, duka au parokia, anayelipwa mshahara na kutumwa kwa pikipiki, ni mwajiriwa, na mwajiri wake ana wajibu wa kujisajili na kuchangia. Tusidai haki kwa wengine huku tukiwanyima watumishi wetu.

Yatupasa kufanya nini ajali inapotokea?

Kwanza, majeruhi atibiwe. Lakini mtu mmoja mwenye akili tulivu abaki pale pale. Aandike namba za vyombo vyote, jina la dereva, na namba ya bima, ambayo yaweza kuhakikiwa katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Apige picha kwa simu. Aandike majina ya walioona kwa macho yao.

Pili, taarifa ifike polisi siku hiyohiyo, na ndugu wachukue fomu ya PF3 kwa ajili ya hospitali. Waulize jina la askari anayepeleleza. Baadaye waombe taarifa ya polisi, mchoro wa mahali pa ajali, na taarifa ya ukaguzi wa vyombo.

Tatu, kila stakabadhi itunzwe: ya dawa, ya picha ya mfupa, ya nauli, ya magongo. Matibabu yakiisha, daktari aombwe kuandika taarifa inayoonyesha ulemavu uliobaki.

Nne, mtu asiweke sahihi juu ya karatasi yoyote ya mapatano kabla daktari hajasema jeraha litaishia wapi, na kabla mwenye ujuzi wa sheria hajaisoma. Mapatano ni jambo jema. Mapatano ya siku ya tano, mgonjwa akiwa bado ametundikiwa maji, si mapatano. Nawasihi wenyeviti wa vitongoji na wa vijiji, makatekista na mapadre wenzangu: mkiombwa kuwa mashahidi, ulizeni kwanza.

Tano, barua ya madai ipelekwe mapema kwa kampuni ya bima inayohusika, na nakala yenye mhuri wa mapokezi itunzwe. Kampuni ikikataa au ikikawia, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na ipo mahakama.

Sita, jihadharini na vishoka. Ni watu wanaozungukia wodi za hospitali wakiahidi kufuatilia bima, wakachukua karatasi zote halisi, wasionekane tena. Toeni nakala. Karatasi halisi zibaki kwa familia.

Haki ina pande mbili

Ndugu wapendwa, bodaboda naye huwajeruhi wengine. Yupo mama aliyegongwa akitoka kisimani, na yupo mtoto aliyegongwa akitoka shule. Jumuiya isimfiche kijana kwa sababu ni wa kwetu. Kubeba mishikaki, yaani abiria wawili au watatu kwa mara moja, kuendesha bila leseni, kuendesha baada ya kunywa, hayo ni makosa mbele ya sheria na ni dhambi dhidi ya amri ya tano.

Tena naomba mnivumilie kwa neno lifuatalo. Wengi wa wenye pikipiki si wale vijana. Ni sisi: walimu, wafanyabiashara, wakulima wa kahawa, viongozi wa walei, na wengine katika sisi wachungaji. Kila jioni twapokea hesabu. Je, bima imekatwa, na ni ya biashara? Kadi ya pikipiki ina jina la nani? Kofia ngumu zipo mbili? Mkataba kati yetu na kijana umeandikwa, au ni maneno tu? Anayepokea hesabu kila siku na kuona bima ni ghali amemwachia kijana hatari yote, akabaki na faida. Huyo asishangae akijikuta katika mfano wa Injili upande wa wale waliopita kando.

Maazimio

Napendekeza mambo matatu kwa kila parokia. Ziteuliwe nafsi mbili, mwanamume na mwanamke, za kuwasindikiza majeruhi na familia zao polisi, hospitalini na kwa msaidizi wa kisheria. Liwepo daftari la ajali, lenye tarehe ya ajali na tarehe ya mwisho ya kufungua madai, na lisomwe kila kikao cha halmashauri. Tena uwepo mfuko mdogo wa nauli na nakala za karatasi, maana madai mengi hufa kwa kukosa nauli ya kutoka Lituhi au Mbamba Bay hadi Mbinga. Tuanze kabla ya msimu wa kahawa.

Kijana niliyewasimulia sasa anaziba pancha kwenye kijiwe cha wenzake. Kabla ya kuja hapa nilimwomba ruhusa niseme habari zake bila kutaja jina. Alikubali. Nikamwuliza kama ana neno la kuwaambia. Akafikiri kidogo, akasema, "Baba, waambie waisome karatasi."

Tumsifu Yesu Kristo.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Je, katika jumuiya yetu yupo aliyejeruhiwa kwa ajali katika miaka mitatu iliyopita? Nani amemtembelea, na karatasi zake ziko wapi?
2. Kati yetu ni nani wenye pikipiki zinazobeba abiria? Bima na mikataba yake ikoje?
3. Tutawateua akina nani kuwasindikiza majeruhi, na wataanza lini?