Telefoni Inalia, Nawe Uko Juu ya Pikipiki

Leo tuzungumze juu ya mambo tunayoona katika njia ya Butembo na Manguredjipa: kijana anaendesha pikipiki, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika telefoni kwenye sikio.

Sababu gani anafanya hivi? Wazee wanasema, "Ni kiburi ya vijana." Pengine ni kweli. Lakini iko sababu ingine. Mwaka wa 2024 mashambulio yalifika kandokando ya Manguredjipa, na watu wengi wakakimbilia Butembo. Tangu pale, mama akisikia habari mbaya anapiga telefoni mara moja: "Mwanangu, uko wapi?" Wewe unajua usipojibu hatalala. Basi unajibu.

Sasa fikiri. Pikipiki ikienda kilometa 40 kwa saa, kila sekunde inapita metre 11. Ukiangalia telefoni sekunde 3 tu, umepita metre 33 bila kuona njia. Je, hapo hakuna shimo, mbuzi, wala mtoto? Mkono wa kuume ndio wenye gazi na freni ya mbele. Ukiutoa, utasimamaje katika matope? Tena, ukiingiza telefoni ndani ya kofia ili mikono ibaki huru, akili yako ingali katika mazungumzo. Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema dereva anayetumia telefoni ana hatari ya ajali karibu mara 4 kuliko yule asiyeitumia. Kwa kinga na chukudu ni vilevile.

Basi, fanya hivi:

1. Mbele ya kutoka, pigia mama: "Natoka sasa. Nitakuita nikifika."
2. Weka telefoni ndani ya mfuko na kuufunga.
3. Ikilia, usiishike. Ngoja ufike kijijini, simama kando ya njia, zima mashini, kisha ujibu.
4. Kama wewe ni abiria, na motari anataka kujibu, mwambie, "Simama kwanza, ndugu." Usione haya.

Nanyi wazazi, mtoto akijibu, ulizeni kwanza: "Uko njiani?" Akisema ndiyo, kateni palepale.

Ndugu, mama anataka kusikia sauti yako. Lakini anataka zaidi kukuona ukiingia mlangoni na miguu yako yote miwili.