Tulikotoka: Neno la Kwaya katika Jubilii ya Miaka 25



Sisi wa kwaya tumepewa dakika kumi kueleza tulikotoka. Tunaahidi hatutazidisha, maana kina mama wa jikoni wanatuangalia.

Hapa Ribe mtoto huujua mwaka 1862 kabla hajajua mwaka wake wa kuzaliwa. Ndipo walipofika Thomas Wakefield na James Woolner, waliotumwa na Wamethodisti wa Uingereza, wakisaidiwa na Krapf, ambaye miaka ya nyuma alikuwa ameishi jirani zetu Rabai. Woolner aliugua akarudi kwao. Wakefield akabaki. Mwaka uliofuata akaja Charles New, yule ambaye mwaka 1871 alipanda Kilimanjaro hadi kwenye theluji. Na mwaka 1873 Rebecca, mke wa Wakefield, alifariki papa hapa Ribe. Mtoto wao mchanga naye hakuishi. Umethodisti wa Kenya ulianzia kwetu. Meru walifikiwa mwaka 1912, na mwaka 1967 kanisa letu likaanza kujitawala. (Ndugu zetu wa Meru wametupita kwa wingi, lakini leo hatubishani.)

Hayo tumeyaimba na kuyaigiza mara nyingi. Lakini tulipokuwa tukiandaa kijitabu hiki tuligundua jambo lililotutia aibu. Majina ya wageni tunayo. Ya waliowabebea mizigo, waliowakatia miti ya kujengea, waliowapa chakula na kuwafundisha lugha, hatuna. Tulikwenda nyumba kwa nyumba na daftari, tukarudi na majina machache mno.

Na wako wengine ambao hata kuwauliza tuliogopa. Misheni za pwani, yetu ikiwemo, zilikuwa kimbilio la watoro waliotoroka utumwani. Mabwana zao walilalamika na kutisha. Mwishoni mwa 1888 Kampuni ya Kiingereza ilikubali kuwalipa mabwana hao fidia, na tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikatolewa pale Rabai. Watu hao walilima, walioa na kuolewa, walizaa. Wajukuu wao wamo humu ndani. Wamo ndani ya kwaya.

Tuseme ukweli, kwa kuwa leo ni siku ya kuusema. Miaka kadhaa iliyopita dada yetu mmoja wa sauti ya pili aliacha kuja mazoezini. Tulisema ameshikwa na kazi za nyumbani. Katibu akaandika “hayupo” kila Jumamosi, kisha akaacha kuandika. Miaka miwili ikapita. Mama yake alipofariki tulikwenda kuimba matangani, na usiku ule, tukiwa tumekaa mkekani, akatueleza. Aliambiwa na mmoja wetu asianzishe wimbo wa Kirihe, kwa sababu wimbo ule si wa kwao. Yaliyosemwa yalisikiwa na watu wanane. Hakuna aliyemjibu yule msemaji.

Wimbo ule dada yetu alifundishwa na bibi yake akitwanga. Alikuwa na beti mbili ambazo sisi, tunaojiita wenyewe, hatukuzijua.

Tulimwomba radhi palepale, na baadaye mbele ya kwaya nzima, kwa sababu kosa la watu wanane haliombewi radhi pembeni. Hakurudi upesi. Alirudi Pasaka iliyofuata, akasimama mwisho wa safu, karibu na mlango. Tulimwelewa.

Mambo mengine ya miaka 25 mtayasoma ndani ya kijitabu: tulivyoanza watu kumi na mmoja bila joho, kina mama wamevaa leso, kinanda kilichonyeshewa na mvua, mashindano ya sakiti tuliyoshindwa na tukakataa kupanda gari moja na washindi. Besi bado tunazo mbili tu. Vijana wanaokwenda kutafuta kazi Mombasa, tafadhalini, rudini Jumamosi.

Daftari la majina liko mezani karibu na mlango. Andika babu yako na bibi yako, walitoka wapi, walifanya kazi gani, hata kama unalijua jina moja tu. Kalamu ziko mbili, na tunaomba zibaki mbili.

Sasa kwaya itasimama. Wimbo ni wa Kirihe, una beti tano, na dada yetu ndiye atakayeuanzisha.