Kisukari cha Ukoo: Je, Lazima Nami Nikipate?

Leo tuzungumze kuhusu kisukari cha aina ya pili.

Kuna mama mmoja wa Kawangware aliyekataa nimpime. "Sista, huu ni ugonjwa wa kwetu. Mama yangu alikatwa mguu, mjomba akafa nao. Wangu unakuja tu."

Hakukosea kabisa. Tunarithi jeni kutoka kwa baba na mama, na nyingine huongeza hatari kwa kudhoofisha kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini. Bila insulini ya kutosha, sukari hubaki kwenye damu. Lakini kurithi hatari si kurithi ugonjwa wenyewe.

Mwaka 2002, Marekani ilitoa matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Waliolenga kupunguza uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari kwa asilimia 58. Waliopewa dawa, asilimia 31 tu! Mwaka 2006 ikaonekana kwamba hata wenye jeni mbaya zaidi walifaidika.

Najua wa Kibera mtaniambia, "Sista, sisi hutembea kila siku." Kweli, baba anayekwenda Industrial Area kwa miguu anatembea. Je, wewe unayekaa kibandani tangu alfajiri hadi usiku? Chai ya vijiko vinne vya sukari, mandazi, soda mchana, chipsi jioni. Mama, hata mapishi hurithiwa. Watoto wanakutazama. Chai ipunguzwe sukari, soda iwe maji, nusu ya sahani iwe sukuma wiki au mboga nyingine, ugali robo, na maharagwe au omena robo.

Ukiwa na mzazi au ndugu mgonjwa, au ulipata kisukari ukiwa mjamzito, au ulijifungua mtoto wa kilo 4 au zaidi, nenda ukapimwe asubuhi kabla ya kula. Usingoje kiu na kukojoa mara kwa mara, kwani sukari hupanda kimya kimya. Kipimo cha 7.0 au zaidi, kikirudiwa, ni kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo, na hapo ndipo kuna nafasi ya kuzuia.

Yule mama alirudi Jumatatu bila kunywa chai. Alikuwa na 6.4. Siku hizi hushuka matatu Lavington, akatembea hadi nyumbani. Nimemwomba aje na dada yake.