Roboti Kazini: Ibebe Mzigo, Muuguzi Abaki na Mgonjwa

Mazungumzo kwa wahudumu wa afya na wafanyakazi wengine wa umma, Voi



Roboti ikitajwa mbele ya wafanyakazi, swali la kwanza huwa: nani atapoteza kazi? Ni swali la haki, na jibu lake halihitaji kubahatishwa. Roboti za huduma zimekwisha kufanya kazi hapa Afrika Mashariki.

Mei 2020, wakati wa Korona, Rwanda ilipokea roboti 5 kwa msaada wa shirika la UNDP ili zitumike katika vituo vya matibabu, kikiwemo cha Kanyinya. Moja iliitwa Ngabo, yaani ngao. Zilipima joto la mwili na kupeleka chakula na dawa kwa wagonjwa. Kila roboti ilipoingia chumbani, muuguzi aliepushwa na hatari mara moja zaidi. Mwaka 2021, Kenya nayo ilipokea 3 kutoka Japani na UNDP: Jasiri, Shujaa na Tumaini.

Mwaka 2024, mkahawa wa Robot Cafe jijini Nairobi ulikuwa na roboti 3 za kupeleka chakula mezani. Hata hivyo, wahudumu hawakuondoka. Roboti husogeza sahani. Kumsikiliza mteja hubaki kazi ya mtu.

Funzo hilo linafika Voi. Hospitali ya Rufaa ya Moi iko karibu na barabara kuu ya Nairobi–Mombasa. Ajali inapotokea, muuguzi anahitajika kando ya kitanda, lakini bado kuna sampuli za kupelekwa maabara, dawa za kuchukuliwa stoo na shuka za kubadilishwa. Safari hizo ndizo zinazoweza kuachiwa mashine. Kumtuliza majeruhi na kuzungumza na jamaa zake haziwezi.

Kabla ya ofisi yoyote ya umma kununua roboti, mambo manne yafaa kuangaliwa.

Kwanza, jengo: roboti ya magurudumu haipandi ngazi, na sakafu yenye mashimo huikwamisha.

Pili, umeme na fundi: mashine isiyo na chaji wala vipuri ni mzigo mwingine wodini.

Tatu, siri ya mgonjwa: roboti yenye kamera hukusanya taarifa za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazilinda.

Nne, na ndilo kubwa, wafanyakazi wenyewe. Anayesukuma machela na kubeba sampuli leo aulizwe kabla ya ununuzi, awe wa kwanza kupewa mafunzo, na nafasi yake ya kazi iandikwe wazi. Yeye ndiye anayejua mlango upi ni mwembamba na saa ipi korido hujaa.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Roboti ni mgeni. Ikiingia wodini, ipimwe kwa jambo moja: je, muuguzi amepata muda zaidi na mgonjwa?