Hakuna Chai, Hakuna Maji: Vijana Walivyomnasa Papa wa Hong Kong
Sikuja hapa kuwaambia kwamba rushwa ni mbaya. Hilo mnalijua kuliko mimi. Ni ninyi mnaosimamishwa barabarani na leseni halali mfukoni. Ni ninyi mnaoambiwa faili limepotea, hadi noti ilitafute. Nimekuja kuwaeleza habari za mji uliooza kwa rushwa, kisha ukajitibu.

Mji huo ni Hong Kong, enzi za ukoloni wa Mwingereza. Katika miaka ya 1960 rushwa waliiita pesa ya chai, kama sisi. Nyumba inawaka moto, zimamoto wamefika, mpira wa maji uko mkononi, lakini wanasubiri chai kwanza. Hakuna chai, hakuna maji! Hospitalini mgonjwa alilipa ndipo apewe maji ya kunywa. Niambieni, aliyeungua ni nani? Tajiri alilipa. Mlalahoi ndiye aliyeteketea.

Kazi ya kupambana na rushwa walikuwa wameachiwa polisi, na polisi ndio waliokuwa vinara wa ulaji. Fisi kukabidhiwa bucha! Mwaka 1973 kigogo mmoja wa polisi, Mwingereza Peter Godber, alibainika kuwa na zaidi ya dola milioni 4.3 za Hong Kong, mali ambayo mshahara wake usingeweza kuizaa. Akatakiwa ajieleze. Juni mwaka huo akatumia kibali chake cha polisi kupenya uwanja wa ndege. Huyo, Uingereza!

Hapo vijana wakasema basi. Wakakusanyika Victoria Park, wanafunzi wakiwemo, wakidai Godber akamatwe. Serikali ikanywea. Februari 1974 ikaunda tume maalumu, ICAC, nje kabisa ya polisi, yenye kazi tatu: kuchunguza, kuziba mianya maofisini na kuelimisha umma. Januari 1975 Godber akarudishwa, akahukumiwa kifungo cha miaka 4. Papa amenaswa, wananchi wakapata imani.

Msidhani ilikuwa lelemama. Oktoba 1977 polisi waliandamana, na baadhi yao wakavamia ofisi za tume. Gavana akalazimika kusamehe makosa mengi yaliyotendwa kabla ya mwaka huo. Lakini tume haikuvunjwa.

Sasa tugeukie nyumbani. Tume ya Jaji Warioba iliundwa mwaka 1996, ikaichambua rushwa yetu. TAKUKURU tunayo. Sheria ya mwaka 2007, kifungu cha 27, inaruhusu mtumishi wa umma atakiwe kueleza mali isiyolingana na kipato chake. Meno yapo. Je, anayeng'atwa ni nani? Dagaa wananaswa, mapapa wanapasua nyavu.

Kwa hiyo tudai mambo mawili. Kwanza, matamko ya mali za viongozi yawe wazi, kila mwananchi ayasome bila masharti. Pili, mkuu wa TAKUKURU athibitishwe na Bunge, asiwe mtu wa kuteuliwa na Rais peke yake.

La tatu ni letu wenyewe. Kila unapotoa kitu kidogo ili upite haraka, unamkatia Godber mwingine tiketi ya ndege. Vijana wa Hong Kong hawakuwa na bunduki wala vyeo. Walikuwa na miguu na sauti. Sisi tumekosa nini?

Mageuzi hoyee!