MASHUA YA MWENZETU
Maneno ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Mweka hazina amekwisha kusoma hesabu za miaka kumi, hatutazirudia. Sisi tumepewa nafasi tueleze jambo moja tu, na tumechagua habari ya mashua. Wengi wenu hapa Pangani mliiona imelala pale ufukweni, lakini mengi yaliyosemwa hayakuwa hivyo.

Ilikuwa mwaka wetu wa tatu. Mwenzetu alifiwa na mumewe, na wakati huo alikuwa na mkopo wetu aliochukua kununua nyavu. Zilibaki shilingi 900,000. Kwa sanduku letu la wakati ule hela hiyo ilikuwa nyingi, wengine walikuwa hawawezi kukopa kwa ajili yake. Marehemu aliacha mashua ya futi 28 na mashine ya Yamaha ya farasi 15. Basi katika kikao zikatoka sauti: tuichukue mashua, tuiuze, tumalize.

Kumbe si rahisi hivyo. Mashua ilikuwa ya marehemu, sasa ni ya warithi wote, na alikuwapo mtoto mkubwa wa mke wa kwanza. Hata mjane mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuiuza peke yake. Ikabidi kikao cha ukoo kikae, muhtasari uandikwe, mwenzetu aende Mahakama ya Mwanzo apewe usimamizi wa mirathi. Tangazo likabandikwa, tukangoja. Nenda rudi, nenda rudi, nauli juu ya nauli.

Huku tunangoja, mashua iko juani. Sisi wengine tuliozoea kungoja samaki pwani tu hatukujua kwamba chombo cha mbao kikikaa nchi kavu mbao hunywea na viungo huachana. Kwa omo mtu angeweza kupitisha ukucha. Mama mmoja mtu mzima kati yetu, ambaye baba yake alikuwa fundi wa vyombo, ndiye aliyetugombeza. Tukaifunika kwa makuti, na kila jioni tukawa tunaimwagia maji ya bahari ndani kwa ndoo, kwa zamu. Watu walitucheka sana. Haya, wacheke.

Akaja dalali. Akatazama kwa mbali, akasema mashua na mashine vyote 1,500,000, taslimu, leo leo. Ati chombo cha marehemu hakinunuliwi ghali. Mgeni rasmi, hatutaki kudanganya mbele ya wageni: sisi wa meza kuu tulitaka kukubali. Deni letu lingelipwa lote. Kwamba warithi wangebakiwa na 600,000 tu, hilo hatukulifikiria sana. Yule mama mtu mzima akauliza, "Mmeikagua? Mnauzaje kitu ambacho hamjakitazama tumboni?"

Tukamwita fundi. Akasema tungoje bamvua, maji yajae vizuri, tuipandishe juu kwa magogo. Tulipofika siku hiyo tuliisukuma wanawake na vijana pamoja, kisha maji yalipokupwa tukailaza ubavu. Tukakwangua makombe na majani ya bahari siku nzima, mikono ilikatika. Fundi akawasha makuti makavu akaipitisha moto chini ya tumbo lote, kuua wale wadudu wanaotoboa mbao. Halafu akachukua nyundo ndogo akawa anagonga ubao kwa ubao huku ameinamisha sikio. Mbao nzima hulia kwa ukali, iliyooza hujibu kama ngoma iliyolowa. Akagonga karibu na mkuku, ikajibu hivyo. Akaingia ndani, kule tezini, akakuta mataruma mawili yameliwa.

Matengenezo yote, ubao mpya, kalafati, deheni ya chini na rangi ya juu, fundi alisema 340,000. Nusu kwanza, nusu tukiuza. Hapo kikao kilikuwa kigumu kuliko vyote vya miaka kumi. Tunadai, halafu tuongeze hela nyingine juu ya deni? Na mfuko wa jamii ni wa misiba na ugonjwa, si wa misumari. Mwisho kina mama kumi na saba tulitoa elfu kumi kumi mifukoni mwetu, nje ya sanduku. Wasiotoa hatukuwalaumu, ingawa mmoja wetu alisema maneno ambayo tuliomba radhi baadaye.

Fundi alizibua mishono, akashindilia pamba iliyolowa mafuta, akabadilisha ubao na taruma moja. La pili mti wake haukupatikana, akalifungia kipande pembeni kulitia nguvu. Akasema litafanya kazi, lakini si la miaka mingi. Ndipo likaja suala la rangi. Sisi wa meza kuu tulisema: paka rangi pale pia, mnunuzi ana macho yake. Mwenzetu, ambaye muda wote alikuwa kimya, akasema, "Humo watapanda watoto wa watu. Nikija kusikia habari, mimi nitalalaje?" Hakuna aliyemjibu. Tukamwambia fundi apaache wazi bila rangi.

Mashine nayo tuliifungulia fundi wake. Akasafisha kabureta, akatia plagi mpya, akaiwasha ndani ya pipa la maji mpaka ikatulia. Na chombo tulikishusha majini siku tatu kabla ya mnunuzi kufika. Hili tulifundishwa, nasi tunawafundisha: chombo kilichokauka siku ya kwanza huvuja hata kikiwa kizima, mpaka mbao zivimbe. Ukimleta mnunuzi siku hiyo hiyo atakimbia. Usiku wa kwanza vijana walifua maji mpaka alfajiri. Siku ya tatu ngama ilikuwa na maji kikombe tu.

Mnunuzi alitoka Kipumbwi, kusi likiwa linaisha, wakati ambao wavuvi wanatafuta vyombo. Alikuja na fundi wake mwenye kisu, akichoma mbao kila mahali. Tukampeleka wenyewe tezini, tukamwonyesha taruma. Akanyamaza, akatoa 200,000 katika bei ya 4,500,000. Tukapatana 4,300,000. Mapatano yaliandikwa ofisi ya kijiji mbele ya mashahidi: mashua, mashine, nanga, kamba, tanga na foromali vimo, nyavu hazimo. Leseni ya chombo na karatasi za usajili zikapelekwa kwa afisa uvuvi ili jina libadilishwe, kwa sababu chombo kikikamatwa na jina la marehemu bado limo, usumbufu unarudi kwa mjane.

Madeni hutoka kwanza kabla ya mirathi kugawanywa. Tulilipwa 900,000 zetu, fundi akamaliziwa, waliotoa elfu kumi wakarudishiwa. Warithi wakabaki na 3,060,000, wakagawana mbele ya wazee wa ukoo. Lingekuwa lile neno la dalali, zingekuwa laki sita.

Yule mtoto mkubwa hakuridhika. Alitaka mashua ibaki aivulie mwenyewe, na mpaka leo akipita mbele ya ofisi yetu hasalimii. Tumemwendea mara mbili. Tutamwendea tena, maana ile ilikuwa mashua ya baba yake, na sisi ndio tuliokuwa tunadai.

Mashua yenyewe bado inakuja hapa Pangani kuleta samaki. Nahodha wake alituambia taruma lile alilibadilisha mwaka uliofuata. Mwenzetu alinunua friza na karai za kukaangia, na sasa ndiye mshika ufunguo wa pili wa sanduku. Hamumwoni hapa mbele kwa sababu yuko jikoni, samaki mtakaokula mchana huu ni kazi yake. Anasema wameiva, kwa hiyo tukimaliza kumkaribisha mgeni rasmi tusichelewe.